Vitabu Visivyotuona

Fimbo ya gofu ikigonga mpira, viwili hivyo hugusana kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kabla ya hapo, fimbo huchukua takribani robo sekunde kuteremka kutoka juu ya bega hadi chini. Vipimo hivi vimo katika The Search for the Perfect Swing, kitabu cha mwaka 1968 ambamo Alastair Cochran na John Stobbs walieleza matokeo ya utafiti wa wanasayansi wa Uingereza kuhusu mpigo wa gofu. Ukivitafakari, vinatisha. Ndani ya robo sekunde jicho haliwahi kuliona kosa, akili ikalipima, amri ikashuka viganjani na mikono ikatii. Fimbo ikishaanza kushuka, shauri limekwisha.

Na bado tendo hilo, linalomalizika kabla hujalifikiria, limeandikiwa kurasa zisizohesabika. Mimi ni mmoja wa wanaozisoma. Nilianza gofu ukubwani, hapa Dar es Salaam, na vitabu vyangu karibu vyote ni vya mtumba, vyenye majina ya wenyewe wa zamani kwenye karatasi ya kwanza na mistari ya kalamu chini ya maneno waliyoyaamini. Napenda kuitazama mistari hiyo. Aliyekuwa na kitabu changu cha Ben Hogan, bingwa wa gofu wa Marekani, kabla yangu alipigia mstari karibu kila aya ya sura ya kwanza. Sura ya pili akapunguza. Kuanzia ya tatu, pale fimbo inapoanza kwenda, karatasi ni safi kabisa.

Karatasi inaufundishaje mwili jambo ambalo mwili hauna muda wa kuliwaza? Swali hili limenikaa kwa muda mrefu, na sidhani linahusu gofu peke yake. Anayejifunza kuogelea, kucheza ngoma au kupiga gambusi kwa kusoma analikuta vilevile. Ila kwenye gofu linaonekana wazi kuliko kwingine, kwa sababu mpira umetulia unakusubiri, hakuna anayekukaba, na ukiharibu hakuna wa kumsingizia.

Watu walianza kuuandika mpigo wa gofu zamani mno. Mwaka 1687 huko Edinburgh, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Thomas Kincaid aliandika katika shajara yake namna ya kupiga mpira wa gofu. Alisema mtu asimame kama anayepigana kwa upanga mwembamba, magoti yamekunjwa kidogo, na misuli ya miguu, mgongo na mikono ikazwe barabara, isilegezwe hata kidogo wakati fimbo inashuka. Miaka 170 baadaye, mwaka 1857, Mskoti Henry Farnie alitoa The Golfer's Manual bila kuweka jina lake, na tangu hapo vitabu vya mafunzo havijakatika. Ukivisoma vya karne ya 20 utakuta karibu vyote vinamkataza mchezaji kile alichokiamuru Kincaid: kukakamaa. Legeza mabega, vinasema, legeza viganja, shika fimbo bila kuinyonga.

Nilipoisoma habari ya Kincaid mara ya kwanza nilidhani ni ujinga wa zama zake. Sasa namwona kwa jicho jingine. Kijana yule alikuwa akijichunguza, akihisi mwili wake unafanya nini siku mpira ulipokwenda vizuri, akaandika alichokihisi. Huenda alikuwa mtu wa viungo vilegevu, na kujikaza ndiko kulikomfaa. Kila kitabu cha mpigo nilichokisoma ni habari ya mwili mmoja. Mwandishi alikuwa na maradhi yake, akayatafutia dawa, dawa ikamponya, akaiandika kwa uaminifu kabisa. Anayeisoma bila kujua aliyeiandika alikuwa anaumwa nini, anakunywa dawa ya mwenzake.

Mfano mkubwa ni Hogan mwenyewe. Alizaliwa Texas mwaka 1912. Baba yake, mhunzi, alijiua mtoto akiwa na miaka 9, na kijana akaenda kutafuta senti kwa kubeba mikoba ya wachezaji katika klabu ya Glen Garden, Fort Worth, ambako Byron Nelson, bingwa mwingine wa baadaye, naye alikuwa kedi, yaani mbeba mikoba. Aliingia gofu ya kulipwa akiwa na miaka 17, na ikamchukua hadi mwaka 1940 kushinda shindano lake la kwanza la peke yake. Katika miaka hiyo yote alisumbuliwa na kitu kimoja: mpira wake, akipiga kwa nguvu, ulipinda kwenda kushoto, chini chini, kwa kasi, na ukitua haukusimama. Kwa mtu anayekula kwa fimbo yake, mpira wa namna hiyo ni njaa. Alipiga mipira mchana kutwa kuutafutia tiba. Hatimaye aliugeuza mkono wa kushoto juu ya mpini uelekee kushoto zaidi, akaurekebisha mkunjo wa kifundo, na mpira ukaacha kupinda kushoto. Ukawa unapaa juu ukishuka kulia kidogo, kwa adabu. Ndipo akawa Hogan tunayemjua, mshindi wa mashindano makuu 9.

Mwaka 1957 aliyaandika aliyoyajua, akisaidiwa na Herbert Warren Wind, kwanza katika jarida la Sports Illustrated, kisha kikatoka kitabu: Five Lessons: The Modern Fundamentals of Golf. Michoro ilikuwa ya Anthony Ravielli, fundi wa kuchora mwili wa binadamu. Sijakutana na kitabu cha mafunzo ya mchezo kilichochorwa vizuri kuliko hiki. Uko mchoro wa mchezaji aliyevikwa kioo kikubwa, bapa zima limeinamishwa kutoka kwenye mpira hadi mabegani, kichwa kimetokeza kwenye tundu. Mikono ikipanda na fimbo inatakiwa ipite chini ya kioo, sambamba nacho. Ikinyanyuka mno, kioo kinapasuka. Hakuna msuli uliotajwa hapo. Mwili unapewa kitu cha kuogopa kukivunja, na wenyewe unajipanga. Nimewahi kuwaonyesha mchoro huo watu wasioweza kusoma neno moja la Kiingereza, na mara moja mabega yao yakaanza kugeuka inavyotakiwa.

Lakini turudi kwenye ule mkono wa kushoto. Mshiko anaoufundisha Hogan ni mshiko wa mtu anayeuogopa mpira unaopinda kushoto. Wanaoanza gofu, wengi wao, wanasumbuliwa na kinyume chake: mpira wao huenda kulia, hadi vichakani, hadi kwenye kiwanja cha shimo la jirani. Mtu wa namna hiyo akiugeuza mkono kama alivyougeuza Hogan, uso wa fimbo unazidi kufunguka na mpira unazidi kwenda kulia. Amefuata kila neno, na kila neno ni la kweli, na amezidi kuumia. Kitabu hakina kosa. Kilichokosekana ni macho ya kumtazama.

Kuna jambo jingine kuhusu mwili huo ulioandika, na kila nikilikumbuka hunigusa. Tarehe 2 Februari 1949 gari la Hogan liligongana uso kwa uso na basi katika barabara ya Texas, kwenye ukungu. Alijirusha mbele ya mkewe Valerie kumkinga. Alivunjika nyonga, mtulinga, kifundo cha mguu na ubavu. Ilidhaniwa hatacheza tena, na miezi 16 baadaye alishinda mashindano ya US Open pale Merion, miguu ikiwa imefungwa bendeji. Sasa fungua somo la nne la kitabu chake: anataka fimbo ianze kushuka kwa nyonga kugeukia kushoto, kabla ya mikono na kabla ya mabega. Mtu aliyekuwa amevunjika nyonga ndiye anayekuambia uanzie nyongani. Nikikisoma nikijua hayo, namsikia mtu mzima akizungumza kuhusu sehemu ya mwili aliyoipoteza akarudishiwa, na nakisoma taratibu zaidi.

Mwenye kitabu changu wa zamani alipigia mstari sura ya kwanza na akakomea huko. Nadhani hakuwa mvivu. Kitabu ni kitu kilichotulia, na kinachofundishika vizuri zaidi kwa kitabu ni yale yanayofanyika mwili ukiwa umetulia: namna ya kushika, umbali wa miguu, magoti, mgongo. Hogan alilijua hilo, ndiyo maana masomo mawili kati ya matano yanakwisha fimbo haijanyanyuka hata inchi moja. Mshiko unaweza kuufanyia kazi sebuleni, kitabu kikiwa wazi mezani. Unaulaza mpini kwenye kiganja cha kushoto ukatize kutoka pingili ya kidole cha shahada hadi chini ya ile nyama nene ya kisigino cha kiganja, unafunga vidole, halafu unaondoa vyote usibakize ila shahada, na fimbo inabaki imening'inia bila kuanguka, imebanwa kati ya kidole kimoja na ile nyama. Hapo unajua umepata. Mkono wa kulia unaishika kwa vidole, kiganja kinabaki kufunika dole gumba la kushoto. Siku za mwanzo mshiko huo unauma na unajihisi huwezi kupiga chochote. Rudi ukurasani, tazama mchoro, tazama mkono wako, linganisha. Kazi hiyo ya kulinganisha hakuna mwalimu anayeweza kuivumilia kwa saa nzima. Kitabu kinaivumilia mwaka mzima, na hakikukemei.

Fimbo ikishaanza kupanda, mambo yanageuka. Wapo waliojaribu kuukamata hata mwendo wenyewe kwa maandishi. Homer Kelley wa Seattle aliugawa mpigo katika vipengele 24 kwenye The Golfing Machine ya mwaka 1969, kitabu kilichojaa jiometri, na wako wanaokiheshimu sana. Mimi kinanishinda kukipenda. Mwendo unataka jicho la mtu.

Jicho hilo sisi tunalo viwanjani kwetu, na hatulithamini inavyostahili. Asubuhi moja kwenye uwanja wa mazoezi nilikaa nyuma ya mama mmoja mstaafu aliyekuwa akipiga mipira na kedi wake kijana. Mipira ilikuwa ikienda kulia, mmoja baada ya mwingine. Kijana alikuwa kimya, amechuchumaa upande, anatazama. Kisha akasema, “Mama, unawahi.”

“Nawahi nini, mwanangu?”

“Mabega, mama. Fimbo haijamaliza kupanda, mabega yameshageuka. Ngoja kidogo huko juu, halafu anza na kiuno.”

Yule mama akapiga mingine. Baadhi ilinyooka, baadhi haikunyooka. Lakini nilichokisikia kilikuwa somo la nne la Hogan, sura nzima yenye michoro, katika sentensi tatu za kijana ambaye huenda hajawahi kusikia jina la Hogan. Tena alilisema kwa mtu lililomfaa, saa lilipomfaa. Kama yule mama angekuwa na ugonjwa mwingine, kijana angesema jambo jingine.

Makedi wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza gofu kwa kutazama, na hawakuwa wa kwanza duniani. Bingwa Seve Ballesteros alikulia Pedreña, Hispania, akiwa kedi, akajifunza kwa kupiga kokoto na mipira ufukweni kwa fimbo moja tu, namba 3, na mwaka 1978 alikuja Nairobi akatwaa Kenya Open. Mikono yake ilijua mambo ambayo hakuna sura ya kitabu iliyoyataja. Hata hivyo siamini wanaosema vitabu ni bure. Ballesteros alianza mtoto, na mtoto hufundishwa na macho yake. Mtu wa makamo hana tena mwili wa kuigiza kila anachokiona. Yeye anahitaji kuelewa kwanza ndipo aruhusu viungo vyake vibadilike, na hapo kitabu kinakuwa rafiki wa kweli.

Hasa kitabu kinachojua mipaka yake. Ninachokipenda kuliko vyote kiliandikwa na Ernest Jones, Mwingereza. Alikuwa mchezaji wa kulipwa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916, vitani Ufaransa, alijeruhiwa akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Aliporudi nyumbani akaenda uwanja wa Royal Norwich, akicheza kwa mguu mmoja, na akamaliza mashimo 18 kwa mapigo 83, alama ambayo wengi wetu wenye miguu miwili hatutaifikia kamwe. Tukio hilo lilimfundisha kila kitu alichokuja kukiandika. Vitabu vya wakati wake vilieleza kazi ya mguu wa kulia, uzito uhamie wapi, goti lifanye nini. Yeye goti hilo hakuwa nalo, na mpira ulikuwa ukienda. Basi akasema mwili tuuache, tuihisi fimbo. Kichwa cha fimbo kikizunguka vizuri, viungo vinafuata vyenyewe.

Alihamia Marekani akafundisha New York, ndani ya jengo, mbali na majani yoyote. Darasa lake lilikuwa leso. Alifunga kisu kidogo cha kukunja kwenye ncha moja ya leso, akashika ncha ya pili, akakibembeza kisu. Ukikibembeza kwa utulivu, leso inanyooka kama kamba iliyovutwa na kisu kinaenda na kurudi kwa mwendo mmoja. Ukitaka kukiharakisha kwa kuusukuma mkono, leso inalegea, kisu kinapoteza njia. Mikononi unaisikia tofauti hiyo papo hapo, bila maelezo. Nililifanya jambo hilo jioni moja barazani, nikamaliza nikashika fimbo namba 7, na nikajua kwa viganja alichokuwa akikisema katika Swing the Clubhead, kilichotoka mwaka 1952. Hapo kitabu kilikuwa kimefanya kilicho juu ya uwezo wake, kwa sababu kilinituma nikaguse kitu.

Harvey Penick wa Austin, Texas, naye alianza akiwa kedi, mtoto wa miaka 8. Kwa miongo mingi aliandika katika daftari jekundu aliyoyaona kwa wanafunzi wake, na aliyeruhusiwa kulisoma alikuwa mwanawe Tinsley peke yake. Alipozeeka, mwandishi Bud Shrake akamsaidia kulifanya kitabu. Mchapishaji alipokubali kwa dola 90,000, mzee akahuzunika. Alidhani yeye ndiye anayetakiwa kuzilipa, na akasema hana fedha hizo. Harvey Penick's Little Red Book kilitoka mwaka 1992 na kikauzwa kwa wingi mno. Ndani yake kuna aya fupi fupi, na nyingi kati yake zimebeba mtu. Penick hakumruhusu Ben Crenshaw kumtazama Tom Kite akifundishwa, wala Kite kumtazama Crenshaw, ingawa wote walikuwa wanafunzi wake. Alihofia mmoja asije akachukua lililokuwa la mwenzake. Aliwaonya wasomaji pia kwamba aliyeandikiwa kidonge kimoja cha aspirini asije akameza chupa nzima. Alifariki tarehe 2 Aprili 1995. Muda mfupi kabla, akiwa kitandani, bado alimtaka Crenshaw apige mipira kwenye zulia ili amwone. Mwandishi wa kitabu kile, katika siku zake za mwisho, alikuwa bado anataka kuona kwanza. Jumapili iliyofuata kifo chake Crenshaw alishinda mashindano makuu ya Masters.

Kwa hiyo ninachokitamani ni daftari kama lile kwa Kiswahili, litokane na makedi wetu wa viwanja vya Lugalo na Gymkhana hapa Dar es Salaam, na wa Arusha, Moshi, Nairobi na Mombasa. Wanayoyasema kila asubuhi ni mafunzo kamili: usinyanyue kichwa, unajiinua, unaubana, malizia. Yanatamkwa nyuma ya mgongo wa mchezaji, yanafanya kazi yake, kisha yanapotea. Hayahitaji profesa kuyakusanya. Yanahitaji mtu mwenye kalamu na subira, awalipe vijana hao kwa muda wao, na aandike majina yao kwenye jalada wakikubali, kwa kuwa elimu hiyo ni mali yao.

Ningeomba jambo moja tu katika uandishi wake. Kila neno liandikwe pamoja na aliyeambiwa: umri wake, umbo lake, mpira wake ulikuwa unaelekea wapi. Ukurasa wa kwanza nimeshauanza mwenyewe, kwa ruhusa ya wote wawili. Mama, mstaafu, mfupi, mabega mepesi, mpira unakwenda kulia. Kedi akasema: unawahi.